Joto la Zamu ya Mwanaidi

Mlipokuja Maramba mwezi uliopita, nyinyi mnaosomea umeme pale Tanga mjini, mlinikuta kwenye mihogo na jembe mkononi. Mmoja wenu akaniuliza ni hitilafu gani iliyonitesa kuliko zote katika miaka yangu ya kazi. Nikamjibu, "Ya bwawa la kuogelea," nikaendelea kulima. Lilikuwa jibu la mtu aliyepigwa na jua. Leo nimekaa kivulini, mke wangu kaenda sokoni, basi nitawaeleza vizuri.

Kwanza mjue jambo moja. Kitu kilichokufa kabisa ni rahisi kukitengeneza. Pampu imeungua, unaifungua, unaikuta imeungua, mnaagana kwa heri. Tabu ni kile kinachoumwa asubuhi na kupona mchana. Ukifika na mkoba wako unakikuta kizima, na mwenye mali anakutazama wewe kama ndiye uliyemdanganya. Hitilafu za namna hiyo huhitaji mtu mwenye subira, na subira haifundishwi darasani.

Mimi nilifundishwa na Mzee Firozi, Mhindi wa Tanga aliyekuwa na duka la kutengeneza majokofu pale Ngamiani. Alikuwa mtu mkavu, hasifu wala hagombi. Siku ya kwanza sikupewa bisibisi, nilipewa daftari. Kila hitilafu iandikwe: saa ngapi, hewa ilikuwaje, nani alikuwepo, nini kiliguswa. Chini ya ukurasa unaandika neno "Chanzo", unaacha nafasi, na marufuku kuijaza mpaka uwe umekiona hicho chanzo kwa macho yako. Na daftari halifutwi. Ukikosea, unaandika chini yake kwamba umekosea. Mwandiko wangu ulikuwa mbaya na hadi leo ni mbaya. Akisoma ukurasa wangu alikuwa akiniuliza, "Damiani, hapa umeandika wewe au kapita kuku?"

Nikawa namcheka na daftari lake mpaka siku tulipoitwa Horohoro. Kulikuwa na mama mmoja anauza soda na samaki wa kukaanga karibu na mpaka, jokofu lake linazima kila siku mchana na kuwaka lenyewe jioni. Mimi nilishakwenda mara mbili peke yangu. Nilibadilisha swichi ya baridi, nikabadilisha na waya, nikarudi Tanga najiona fundi, kesho yake likazima tena. Safari ya tatu Mzee Firozi akaja mwenyewe. Hakufungua hata mkoba. Aliagiza chai, akakaa kwenye benchi, akanywa, akaagiza nyingine. Mimi naona haya, mama ananuna. Saa nane mchana wateja wakapungua, mama akavuta kiti chake, akakiegemeza ukutani asinzie kidogo. Mgongo wa kiti ukagusa plagi, na jokofu likanyamaza. Mzee Firozi akasema, "Mama, lala upande ule." Kazi imekwisha. Njiani hakunisema hata neno moja, na hilo lilinikera kuliko angenisema.

Basi shikeni hilo: kaa kwanza, tazama watu wanavyoishi na mashine yao. Mashine haiishi peke yake.

Sasa bwawa. Mtacheka, nani apashe maji moto pwani? Nami nilicheka. Lakini hoteli moja ndogo kule Ushongo ilikuwa na kibwawa cha watu wazima wenye magoti mabovu, wanaingia asubuhi kufanya mazoezi ndani ya maji, na mgeni wa miaka sabini hataki kuanza siku yake kwa kutetemeka. Maji yalitakiwa yakae kwenye joto la thelathini na tatu. Kazi hiyo inafanywa na boksi moja ukutani ndani ya chumba cha pampu. Sisi tuliliita kontrola. Kontrola inasoma joto la maji kwa kutumia sensa, nayo sensa ni kitu kidogo tu, kama ncha ya kalamu, kimechomekwa kwenye bomba. Maji yakipoa inaamuru hita iwake, yakitosha inaizima. Niliifunga mimi mwenyewe, na mkataba wa kuitunza ulikuwa wangu.

Hapa muwe makini, maana ndipo penye kisa chote. Sensa ya aina ile ni kizuizi cha umeme. Maji yakiwa baridi kizuizi kinakuwa kikubwa, yakipata moto kinapungua. Kwa hiyo waya ukishikana vibaya mahali popote njiani, kizuizi kinaongezeka, na kontrola inaambiwa maji ni baridi wakati yanaunguza. Nayo, masikini, inatii. Inazidi kuwasha hita.

Ndivyo ilivyokuwa Ushongo. Siku nyingine asubuhi maji yalikuwa sawasawa, siku nyingine yanakaribia ya kuogea mzazi. Mwisho mgeni mmoja, bibi mtu mzima, akapata kizunguzungu humo ndani, wakamtoa wakamlaza kitini. Alipona saa hiyo hiyo, lakini meneja hakupona. Meneja alikuwa Bwana Eliasi, Msambaa wa Lushoto, mtu wa utaratibu kupita kiasi. Alibandika matangazo kila ukuta: usikae hapa, usipite hapa, maji baridi ya kisima ni ya wageni tu. Akanipigia simu: "Fundi Damiani, njoo uniambie ni mashine au ni mtu."

Kutoka Tanga mpaka uvuke kivuko cha Pangani na ufike Ushongo, saa tano imefika. Saa tano kila kitu kilikuwa kizima. Nilipima sensa kwa mita, nzima. Nikaitoa, nikachomeka mahali pake kizuizi ninachojua ukubwa wake, ili nione kama kontrola inayumba. Namba ikatulia palepale. Jaribio hilo lishikeni, ni zuri, linakuonyesha kama tatizo liko ndani ya boksi au nje. Nikatikisa waya ulio ndani ya chumba, namba haikucheza. Nikabadilisha sensa hata hivyo, kwa ajili ya heshima. Baada ya siku nne simu ikalia tena. Nikabadilisha ya pili.

Ndipo nikakumbuka daftari. Wahudumu wa bwawa walikuwa wawili wakipokezana zamu ya asubuhi, Yohana na Mwanaidi, na kila saa waliandika kwenye karatasi namba waliyoisoma kwenye kontrola. Nilichukua karatasi za wiki tatu nikazihamishia kwenye daftari langu. Siku za Yohana, thelathini na tatu tupu. Siku za Mwanaidi, kuanzia saa kumi na mbili na nusu, karatasi inasema ishirini na tisa, ishirini na saba, ishirini na tano, na maji yenyewe yana moto. Hakuna siku hata moja iliyokwenda kinyume.

Mwanaidi alikuwa mwenyeji wa Ushongo, mama wa makamo, miaka sita pale hotelini, na mshahara wake ndio uliokuwa ukilisha nyumba yenye mama yake mzee na watoto watatu. Nilimwita.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi unakuwa wapi?"

"Nipo hapa bwawani, nafagia."

"Yohana anasema siku akiwahi kuja hakuoni bwawani saa hiyo."

Akatazama chini. "Nafagia upande ule."

"Na hizi namba? Maji yanaunguza, wewe umeandika ishirini na tano."

"Mie naandika kinachoonekana. Ningeandika kipi kingine?"

Kwa akili yangu nikaona mtu anayebonyeza vitufe, kisha anaandika uongo kufunika kosa lake. Vitufe vyenyewe havikuwa na kufuli, hata paka angeweza kuvibonyeza. Nikamwandikia Bwana Eliasi taarifa: sensa nzima, kontrola nzima, hitilafu hutokea zamu ya Mwanaidi peke yake. Kila neno lilikuwa kweli. Kwenye daftari, pale penye "Chanzo", nikaandika "Mwanaidi", nami sikuwa nimeona chochote kwa macho. Mzee Firozi alikuwa ameshafariki, hakuwepo wa kuniuliza habari za kuku.

Bwana Eliasi akasema barua ya kumwachisha kazi itatoka Ijumaa. Ila, kwa kuwa ni mtu wa utaratibu, alitaka shahidi. Akaniomba nilale hotelini Jumatano, Alhamisi alfajiri nisimame chumba cha pampu nimkamate mkono ukiwa kwenye kitufe. Nikakubali. Siwezi kuwaficha, niliifurahia kazi ile. Mtu akisumbuliwa na kitu kwa wiki tano, anapenda sana kumpata wa kumlaumu.

Alhamisi, baada ya swala ya alfajiri, nikajibanza nyuma ya tangi la mchanga la kuchujia maji, mzee mzima na kipara changu. Kontrola inasoma thelathini na tatu. Nikasikia malapa ya Mwanaidi yakipita nje, yakaenda nyuma ya chumba, yakasimama. Mlango haukufunguliwa. Nikangoja. Baada ya muda namba ikawa thelathini na moja. Hakuna mkono, hakuna mtu, ni mimi na boksi tu. Ishirini na tisa. Nikasikia hita ikiwaka.

Nikatoka nje, nikazunguka nyuma. Mwanaidi alikuwa amechutama na kopo na ndoo, anamwagilia mti wa asumini uliopanda kwenye ukuta wa chumba cha pampu. Umestawi kweli, umefunika nusu ya ukuta, chini kuna rehani. Kwenu msioijua pwani: asumini na rehani ndivyo wanawake wanavyofungia vikuba, vile vishada vya maua ya kunukia vinavyovaliwa harusini. Mwanaidi alikuwa fundi wa vikuba, Ushongo nzima ikimjua. Alipanda pale kwa sababu ndipo penye kivuli na ndipo meneja asipopita. Na alikuwa akimwagilia maji baridi ya kisima, yale ya wageni tu.

Aliponiona akasimama na kopo lake. "Sasa umenikamata," akasema. "Nenda kamwambie."

Mimi sikuwa namtazama yeye. Nilikuwa natazama ukuta. Maji alikuwa akiyarusha juu ili yateremke kwenye majani, na ukuta wote umelowa. Katikati ya majani kuna kijiboksi cha plastiki, ndimo ulimoungwa waya wa sensa unaotoka kwenye bomba kwenda ndani. Waya unaoingia humo umeshikizwa kwenye msumari kwa kamba ya katani, na kamba imelowa, imekaza, inauvuta waya.

Kamba ile niliifunga mimi.

Sasa niwaambie mimi ni nani. Baba yangu alikuja Tanga kukata mkonge, mimi nimezaliwa kwenye kambi ya shamba la mkonge, nimechezea katani kabla sijajua kusoma. Mtoto yeyote wa kambini anajua kwamba kamba ya katani ikilowa inajikunja na kuwa fupi. Mbuzi hafungwi kwa kamba fupi siku ya mvua, atanyongwa. Nilichapwa kwa ajili hiyo nikiwa na miaka saba. Siku ninafunga kontrola ile vibanio vya plastiki viliniishia, nikachomoa kamba ya katani mkobani, nikajisifu mbele ya Yohana kwamba hii ndiyo kamba ya kwetu, haikatiki. Na ndani ya kijiboksi waya nilizisokota nikazizungushia tepu. Mzee Firozi alikuwa akisema waya wa sensa hausokotwi, unatiwa lehemu. Lakini kivuko cha mwisho kilikuwa kinaningoja, nikasema nitarudi kutia lehemu siku nyingine. Sikurudi. Na wiki zote hizo tano natafuta, napima, nabadilisha, kijiboksi kile sikukifungua hata mara moja, kwa sababu nilikifunga mwenyewe. Nilikiruka kama mtu anavyojiruka akihesabu waliomo chumbani.

"Mwanaidi," nikamwambia, "nenda ndani unisomee namba kwa sauti."

Akanitazama kama nimechanganyikiwa, lakini akaenda. Nikakisukuma kile kifundo cha kamba kwa kidole, nikailegeza.

"Ishirini na sita," akasema kwa ndani. Kisha: "Thelathini na nne."

Nikaiachia.

"Yashuka. Ishirini na nane. Ishirini na sita."

Nikailegeza tena.

"Thelathini na nne. Fundi, wafanya nini huko?"

Akatoka, akanikuta nimeshika kamba. Nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza, "Kwa hiyo zile namba nilizoandika?"

"Zilikuwa ndizo."

"Na zamu ya Yohana?"

"Yohana hana asumini."

Hakucheka. Alikaa kwenye ndoo aliyoifudikiza, akajifunika uso kwa khanga. Nilisikia aibu, vijana wangu.

Lakini nisijipambe. Nilikuwa na risasi ya lehemu na chuma chake mkobani. Kazi yote ilikuwa ya dakika kumi: tia lehemu, tupa kamba, weka kibanio cha plastiki, nyamaza. Hitilafu ingekwisha. Bwana Eliasi angesema, mnaona, tangu yule mama aondoke bwawa limetulia. Jina langu lingebaki safi, na mkataba ungebaki wangu mpaka nistaafu, miezi michache mbele. Nililiwaza hilo nikiwa nimekaa jikoni kwa wapishi, kikombe kizima cha chai. Nikikwambieni halikunipitia, mtakuwa mnasoma habari za mtu mwingine.

Halafu kulikuwa na jambo jingine gumu. Nikitaka kumwokoa Mwanaidi kwa kosa lisilo lake, lazima niseme maji yalitoka wapi, na hapo nitakuwa nimemchoma kwa lile lililo lake.

Saa mbili tukaingia ofisini wote wawili. Niliweka kamba mezani kwa Bwana Eliasi. Nikasema, "Ulitaka kujua ni mashine au ni mtu. Ni mtu. Ni mimi." Nikamweleza habari za kusokota waya, habari za kamba, na kwamba taarifa yangu ilimsingizia mama huyu. Nikasema kamba ilikuwa inalowa asubuhi. Nikaishia hapo.

Bwana Eliasi hakuwa mjinga. "Inalowa na nini? Mvua haijanyesha wiki tatu."

Mwanaidi akasema, "Ni mie. Namwagilia asumini. Maji ya kisima, nayajua, tangazo nimelisoma. Hilo niandikie barua. La kuchezea mashine usiniandikie, sikufanya."

Bwana Eliasi akaichukua ile kamba, akaikunja kunja mkononi. Kwao milimani kamba kama hiyo hufungiwa kuni. Kisha akaitoa barua kwenye faili, akaichana mara mbili, akatia kwenye kikapu.

"Mwanaidi, kuanzia leo utamwagilia na maji tunayooshea vyombo. Na mti usiungoe, wageni wanauliza harufu ile inatoka wapi." Akanigeukia. "Fundi, wewe tia lehemu leo. Mwakani nitatafuta mtu mwingine."

"Sawa," nikasema. Nilistahili.

Nikatia lehemu, nikavisha mpira juu yake, nikafunga waya kwa vibanio vya plastiki, vitatu mahali pa kimoja. Nikamwagilia ukuta ndoo nzima, nikaenda kusoma mwenyewe. Thelathini na tatu. Nikamwagilia tena. Thelathini na tatu. Hitilafu inayokuja na kuondoka hujaitengeneza mpaka umeiita kwa makusudi ikakataa kuja. Hili nalo lishikeni, ni la Mzee Firozi, mimi nilichelewa kulielewa.

Nikakaa kwenye ngazi kufunga ukurasa wa daftari. Mwanaidi akaja akasimama nyuma yangu, akaona jina lake limekaa pale mbele ya "Chanzo". Mwandiko wangu hausomeki, lakini jina lake mtu hulitambua.

"Lifute," akasema.

"Daftari hili halifutwi. Ndiyo sheria niliyofundishwa."

"Wewe uliponiandika ulifuata sheria gani?"

Nikachukua kalamu, nikaandika chini yake, polepole, herufi moja moja kama mtoto wa chekechea: *Nilikosea. Chanzo ni Damiani, fundi.* Nikampa daftari alishike mwenyewe.

Alisoma, midomo ikicheza. Akasoma tena. Kisha akanirudishia, akachukua ndoo yake.

"Mwandiko wako mbaya, Fundi," akasema. "Lakini hapo pamesomeka."